Jacob Wainwright: alimzika Livingstone, akafia Urambo



Juzi niliwapeleka wadogo zangu Kwihara, kwenye Tembe la Livingstone. Wao wakawa wanauliza habari za Livingstone na Stanley tu. Mimi nikawaambia ngoja, kuna jamaa mwingine alipita hapahapa, na nyinyi leo mtamjua.

Anaitwa Jacob Wainwright. Myao huyu. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, Waingereza wakamkomboa na kumpeleka shule Nasik, India. Huko akajua kusoma na kuandika. Mwaka 1872 Livingstone alikuwa Kwihara anasubiri watu, Stanley akamtumia kikosi kutoka pwani. Wainwright alikuwemo. Wakafika Agosti, na mwezi huohuo wakaondoka na mzee kwenda kusini.

Mei 1873 mzee akafariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wakuu wa msafara, Susi na Chuma, wakaamua mwili urudishwe kwao. Moyo ukazikwa chini ya mti wa mpundu. Wainwright akasoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, safari ikaanza. Kwa miguu jamani!

Oktoba wakafika Tabora. Ofisa mmoja Mwingereza, Cameron, akawashauri wauzike hapahapa. Wakagoma. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Wainwright akapanda meli na jeneza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa kati ya waliolibeba Westminster Abbey, London.

Baadaye akarudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari. Mwisho akaishi Urambo, nchi ya Mirambo, na huko akafariki 1892.

Sasa sikilizeni. Mti wa Chitambo ulipozeeka, 1899 kipande chenye maandishi kilikatwa kikapelekwa London, na 1902 ukajengwa mnara palepale. Mahali hapo hapakupotea kwa sababu kijana mmoja aliandika. Lakini wapagazi na watumwa waliokufa kwa ndui na njaa kwenye njia hii ya Bagamoyo hadi Ujiji, nani aliwachongea? Wengine wamelala chini ya mashamba yetu ya mahindi na tumbaku.

Na sheria haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja makaburi ya kabla ya 1863. La baada ya hapo, mpaka Waziri alitangaze. Hesabu wenyewe: Mirambo alikufa 1884, Wainwright 1892.

Kwa hiyo ukilima ukakuta lundo la mawe, shanga au vigae karibu na miembe ya zamani, usichimbe kutafuta mali. Udongo wa shimo la kaburi hauchanganyiki sawa na udongo wa pembeni, na mtaalamu anausoma kama kitabu. Ukishauvuruga, kitabu kimechanika. Toa taarifa ofisi ya kijiji. Halafu kaa na babu, muulize nani kalala wapi, uandike kwenye daftari. Wazee wanaondoka, wadau.

Wa Urambo, Uvinza na Ujiji, kwenu kuna kaburi gani la zamani linalolimwa sasa hivi? Mwageni hapo chini.