Mzee wa Ndege ya Milia na Sisi wa Dunguni

Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa 1909 huko Silesia, wakati huo sehemu ya Ujerumani, na mwaka 1945 akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt ikiwa imebomolewa na mabomu. Angeweza kukaa pale akaandika ripoti za kusomwa na wataalamu wenzake, basi. Yeye akaamua kuwaandikia watu wa kawaida. Mwaka 1956 akaanza kipindi cha televisheni, na Wajerumani wakamzoea kama jirani.

Mwaka 1954 alikuwa ametoa kitabu kilichosema wanyamapori wanakosa pa kuishi. Yeye na mwanawe Michael wakakitengenezea filamu, ikaingiza pesa, nao wakataka kuitumia kununua ardhi ya hifadhi Tanganyika. Wakashauriwa kuwahesabu wanyama wa Serengeti kwanza, maana serikali ya kikoloni ilitaka kubadili mipaka bila kujua vizuri nyumbu wanapita wapi. Baba na mtoto wakajifunza urubani, wakaja wenyewe kutoka Ujerumani kwa ndege waliyoipaka milia ya pundamilia. Mwaka 1958 walihesabu wanyama zaidi ya 350,000.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Ndege ikagongana na tumbusi, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24, yaani miwili tu zaidi yangu. Mwaka huohuo kikatoka kitabu cha Serengeti darf nicht sterben, maana yake Serengeti isife. Kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na filamu yake ikashinda Oscar 1960. Grzimek alifariki 1987, majivu yake yakaletwa Ngorongoro kando ya kaburi la mwanawe.

Mimi namheshimu mzee huyu. Alichukua hesabu kavu za nyumbu akazifanya zimguse mtu ambaye hajawahi kuona hata vumbi la Serengeti. Sisi wa ualimu tunajua hiyo si kazi ndogo.

Ila kuna jambo linanikera. Grzimek aliamini hifadhi isikaliwe na watu. Mwaka 1959 Wamaasai wa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, na msomaji wa Ulaya alikuwa akililia nyumbu. Mwenyeji kwenye simulizi ile anaonekana zaidi kama tatizo.

Mimi natokea Nachingwea, na nina ndugu Ruangwa. Kwetu tembo hatumwoni kwenye televisheni. Anakuja usiku mahindi yakikaribia kukomaa, na watu wanalala dunguni wakipiga madebe mpaka alfajiri. Mtoto aliyekesha huko asubuhi anasinzia darasani, halafu mwalimu anamwita mvivu. Ukimwambia mzazi wake tembo asife, atakuuliza: na sisi je?

Swali hilo linahitaji kitabu, jamani, na kitabu chenyewe kiwe cha Kiswahili, kiandikwe na mtu anayempenda tembo na anayelijua dungu pia. Grzimek alianza kwa kuhesabu. Likizo hii nami nakwenda na daftari: mashamba mangapi yameliwa kijijini, usiku mangapi watu wamekesha, watoto wangapi hawakufika shule. Wanachuo wenzangu wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale, hesabuni na ninyi vijijini kwenu. Tukirudi tukae chini, tulinganishe.