Frank Hornby: karani wa Liverpool aliyeingiza treni sebuleni

Watoto wa Mlabani wanajua kutengeneza gari. Waya unakunjwa kuwa bodi, magurudumu yanakatwa kwenye kandambili iliyochoka, na usukani unafungwa kwenye kijiti kirefu. Shida ni kwamba gari likiharibika, limekwisha. Vipande vyake havijengi kitu kingine. Shida hiyohiyo ilimsumbua Frank Hornby zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Hornby alizaliwa Mei 15, 1863, katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza. Hakusomea uhandisi. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akashika fedha katika biashara ya baba yake, kisha akawa mtunza hesabu kwa mwagizaji wa nyama aitwaye David Elliott. Nyumbani alikuwa akikata bati na kuwatengenezea wanawe wawili vitu vya kuchezea: madaraja, malori, winchi za kunyanyulia mizigo. Kila kimoja kilidai vipande vyake.

Ndipo akaona kwamba vipande vyote vikitobolewa matundu ya ukubwa mmoja, yaliyoachana nusu inchi, vinaweza kufungwa kwa nati na bolti kwa namna yoyote. Winchi ikichosha, fungua, jenga daraja. Ni wazo jepesi ukishaambiwa. Alikopa pauni 5 kwa mwajiri wake ili alilinde kwa hataza, akaipata mwaka 1901, na Elliott akawa mshirika wake. Miaka ya mwanzo biashara ilisuasua. Mwaka 1907 bidhaa ikapewa jina Meccano, na hapo ikaanza kusambaa duniani.

Treni zilifuata mwaka 1920. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, treni nyingi za kuchezea katika maduka ya Uingereza zilitoka Ujerumani, na vita ikakata njia hiyo. Za Hornby zilienda kwa springi, ukizungusha ufunguo kama wa saa. Za umeme zilianza mwaka 1925. Mwaka 1928 akaanzisha chama cha watoto wenye treni zake, wakivaa beji kama wafanyakazi wa shirika moja la reli. Chama hicho kilikuwa pia mbinu ya kuuza, tusijidanganye, na watoto wengi wa makuli wa Liverpool hawakuweza kumudu bei.

Alikuwa mbunge wa Everton kuanzia 1931 hadi 1935, akafariki Septemba 21, 1936.

Miaka miwili baadaye kampuni yake ilitoa treni ndogo zaidi, za reli yenye upana wa milimita 16.5. Kipimo hicho hutumiwa na vyama vingi vya reli za mfano duniani, kiasi kwamba behewa lililonunuliwa Marekani linaweza kukaa juu ya reli ya Mjerumani. Sisi wa bonde la Kilombero tunajua uzito wa jambo hilo. Reli ya TAZARA inayopita Ifakara ina upana wa milimita 1,067, na ile ya kutoka Kilosa ina milimita 1,000. Zinakutana Kidatu, lakini behewa haliwezi kuvuka, ndiyo maana pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo.

Kiwanda cha Hornby pale Liverpool kilifungwa mwaka 1979. Jina lake bado linauza treni ndogo Uingereza.