Beryl Markham

Beryl Markham (26 Oktoba 1902 – 3 Agosti 1986) alikuwa rubani, mkufunzi wa farasi wa mashindano na mwandishi. Alizaliwa Uingereza na kukulia Kenya. Anajulikana hasa kwa safari ya tarehe 4 na 5 Septemba 1936, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Alitumia ndege aina ya Percival Vega Gull iliyosajiliwa Kenya kwa herufi VP-KCC. Wapenzi wa ndege za zamani huikumbuka ndege hiyo pamoja na jina lake.

Utoto

Alizaliwa Ashwell, katika wilaya ya Rutland, kwa jina la Beryl Clutterbuck. Alipokuwa na umri wa takriban miaka minne familia yake ilihamia Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Baba yake, Charles Clutterbuck, alifungua shamba Njoro, karibu na Nakuru, akafuga farasi na kusaga nafaka. Mama yake hakuyaweza maisha ya huko. Alirudi Uingereza pamoja na mtoto wa kiume na kumwacha Beryl kwa baba yake.

Hivyo Beryl alilelewa kwa sehemu kubwa na Wanandi na Wakipsigis waliofanya kazi shambani. Alijifunza Kiswahili na lugha yao, akacheza na watoto wao na kufuatana na wanaume kwenda kuwinda. Rafiki yake wa utotoni, ambaye baada ya jando aliitwa arap Ruta, alifanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi na baadaye kwenye banda la ndege.

Farasi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ukame uliharibu biashara ya baba yake, naye akaondoka kwenda Peru. Beryl alibaki. Alikuwa bado kijana alipopata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi ambayo wakati huo ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1926 farasi wake aliyeitwa Wise Child alishinda mashindano ya St Leger mjini Nairobi.

Aliolewa mara tatu. Jina la Markham alilipata kwa mume wa pili, Mansfield Markham, aliyefunga naye ndoa mwaka 1927. Walizaa mtoto mmoja wa kiume.

Kujifunza urubani

Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani Mwingereza aliyeshirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929. Ndege za kampuni hiyo zilibeba barua na abiria hadi pwani ya Tanganyika na Unguja.

Hatari za kazi hiyo zilionekana mapema. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji na rafiki wa Beryl, alianguka na ndege yake aina ya Gipsy Moth huko Voi. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Kwa maelezo ya Beryl mwenyewe, alikuwa amealikwa katika safari ile, lakini Campbell Black alimshauri asiende. Hata hivyo alipata leseni yake ya kwanza ya urubani mwaka huohuo. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian, na mwaka 1933 akapata leseni ya kuruka kwa malipo.

Avian ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, na rubani alikaa mahali pa wazi akipigwa na upepo. Haikuwa na redio. Rubani alijiongoza kwa dira, saa, ramani na macho yake, na ramani zenyewe zilikuwa na sehemu nyingi zisizochorwa kitu. Injini ikizimika angani, ilimbidi atafute mahali pa kutua, hata kama chini ni msitu au maji. Kwa sababu hiyo alijifunza pia kufungua na kusafisha injini yake.

Kwa ndege hiyo alibeba barua, abiria na dawa. Kitabu chake kinaanza na safari ya usiku ya mwaka 1935 kwenda Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu karibu na Ziwa Viktoria upande wa Tanganyika, kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa mahututi. Kiwanja cha kutua kiliwashiwa mienge ya mafuta ili akione gizani.

Kazi nyingine iliyompa fedha ilikuwa kutafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri, akiwemo Bror Blixen na wateja wake. Baada ya kuona kundi aliwaangushia wawindaji ujumbe wa kuwaelekeza. Njia hiyo ilimpunguzia tembo nafasi ya kujificha, na leo inahesabiwa kuwa uwindaji usio wa haki.

Kuvuka Atlantiki

Mwaka 1927 Charles Lindbergh aliruka kutoka New York hadi Paris, na mwaka 1932 Amelia Earhart akavuka kutoka Newfoundland hadi Ireland ya Kaskazini. Wote wawili walikwenda mashariki. Kwenda magharibi kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa pepo za Atlantiki ya Kaskazini kwa kawaida hutoka magharibi. Ndege hupigana nazo, hutumia muda mrefu zaidi na mafuta mengi zaidi. Jim Mollison alifaulu peke yake mwaka 1932, lakini aliondokea Ireland. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo peke yake kutoka Uingereza bila kutua njiani.

John Carberry, mlowezi tajiri wa Kenya, alimwazima Beryl ndege yake mpya kwa sharti la kuirudisha mapema, kwa sababu aliihitaji kwa mashindano ya kuruka hadi Johannesburg mwishoni mwa mwezi huohuo. Vega Gull ilijengwa kwa mbao na kitambaa, ikiwa na jozi moja ya mabawa na injini moja ya Gipsy Six yenye nguvu farasi 200. Kwa kawaida ilibeba watu wanne, lakini sasa ndani yake yaliwekwa matangi ya ziada ya mafuta. Tangi moja lilipokwisha injini ilinyamaza, na rubani alipaswa kufungua bomba la tangi lingine haraka gizani, juu ya bahari.

Aliondoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba, akilenga New York. Alisafiri kwa zaidi ya saa 20 katika mvua, mawingu na upepo wa mbele. Alipokuwa ameshaiona nchi kavu, barafu iliziba vipenyo vya hewa vya tangi na mafuta yakaacha kufika kwenye injini. Alishuka katika ardhi ya kinamasi huko Baleine, kwenye kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada. Ndege ilizama pua yake matopeni, naye akatoka akiwa na jeraha la kichwa. Hakufika New York kwa ndege ile, lakini alipofika alipokewa kwa shangwe kubwa.

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, baada ya ndege nyingine kuigonga ndege yake ikiwa chini. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano yaleyale ya Johannesburg.

Kitabu na miaka ya mwisho

Mwaka 1942 alichapisha nchini Marekani kitabu cha kumbukumbu, West with the Night. Mwandishi Ernest Hemingway alikisifu sana katika barua, lakini hakikuuzwa sana na kilisahauliwa. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na baadhi ya watafiti wanadai kwamba ndiye aliyekiandika. Wengine wanaupinga ushahidi huo.

Alirudi Kenya na kufundisha farasi tena, na farasi wake walishinda Kenya Derby mara kadhaa. Uzeeni aliishi kwa shida katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mashindano wa Nairobi. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983, baada ya barua ya Hemingway kusomwa upya, kilinunuliwa na watu wengi na kumpa kipato. Alifariki Nairobi, mwezi mmoja kabla ya safari yake kutimiza miaka 50.

Kumbukumbu

Kasoko moja kwenye sayari ya Zuhura imepewa jina la Markham. Kiwanja cha Nairobi kinaitwa Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ndege aina ya Comet ambayo Campbell Black na Charles Scott walishindia mbio za London hadi Melbourne mwaka 1934 bado inatunzwa Uingereza katika mkusanyo wa Shuttleworth.