Edison na betri iliyochelewa
Thomas Edison unamjua kwa balbu, sivyo? Jamaa alikaa shule miezi michache tu. Sasa sikia hii.

Magari ya umeme Marekani yalitumia betri za risasi na asidi, nzito ajabu. Edison akaunda yake ya nikeli na chuma. Kufikia 1904 ilikuwa sokoni, lakini ikawa inavuja na kuishiwa nguvu. Angenyamaza ale pesa. Wapi! Alisimamisha kiwanda, akarudi maabara.

Mwaka 1909, akiwa na miaka 62, alitoa betri imara kweli. Lakini Ford tayari alikuwa na Model T ya petroli. Magari yakampita. Betri yake ikawasha taa za treni na za wachimba migodi.

Edison alifariki 1931. Wewe je, kazi yako ikivuja, utarudi maabara?