Elizabeth Kenny

Elizabeth Kenny (Warialda, New South Wales, 20 Septemba 1880 – Toowoomba, Queensland, 30 Novemba 1952) alikuwa muuguzi wa Australia aliyejulikana duniani kwa namna yake ya kuwatibu wagonjwa wa polio kwa mikono: kuwakanda kwa vitambaa vya moto, kuvinyoosha viungo vyao taratibu na kuifundisha misuli upya kufanya kazi. Wakati huo madaktari wengi waliwafunga wagonjwa hao wasijongee kabisa. Kenny hakuwa na cheti cha uuguzi, na maelezo yake kuhusu chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi, lakini kazi yake ilibadilisha matibabu ya waliopooza na kuchangia sana kukua kwa tiba ya utengamao.

Alifahamika zaidi kwa jina la Sister Kenny. Hakuwa mtawa, "Sister" kilikuwa cheo cha muuguzi katika jeshi la Australia, kama ilivyokuwa desturi ya Kiingereza.

Maisha ya awali

Kenny alizaliwa katika familia ya wakulima. Baba yake, Michael Kenny, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, na mama yake, Mary Moore, alikuwa mzaliwa wa Australia. Familia ilihamahama kutafuta ardhi na hatimaye ikakaa Nobby, kijiji cha wakulima katika jimbo la Queensland. Kwa sababu hiyo masomo yake ya shule yalikuwa machache.

Alipokuwa msichana alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika kifundo cha mkono. Alipelekwa mji wa Toowoomba kwa daktari Aeneas McDonnell. Alipokuwa akiuguza mkono wake, alisoma vitabu vya daktari huyo juu ya mifupa na misuli, na tangu hapo wakawa marafiki. Maarifa hayo aliyatumia kwanza kumfanyisha mazoezi mdogo wake wa kiume aliyekuwa na mwili dhaifu.

Hakuwahi kuhitimu chuo cha uuguzi. Alijifunza kwa kufanya kazi, na kufikia mwaka 1911 alikuwa akizunguka kwa farasi katika mashamba ya Nobby akiwahudumia wagonjwa na wazazi waliojifungua. Kwa maelezo yake mwenyewe, ndipo alipokutana na mtoto wa kwanza mwenye polio. Alimpelekea McDonnell simu ya maandishi, naye akamjibu kwamba dawa haijulikani, basi atibu dalili kama anavyoziona. Kenny aliona misuli iliyokazana na yenye maumivu, akaikanda kwa vitambaa vya sufu vilivyochovywa katika maji ya moto. Wanahistoria wana mashaka juu ya tarehe ya tukio hilo, kwa kuwa aliliandika miaka mingi baadaye.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, alijiunga na huduma ya wauguzi wa jeshi. Alifanya kazi katika meli zilizowarudisha Australia askari waliojeruhiwa, akapewa cheo cha Sister mwaka 1917. Baada ya vita alibuni machela ya kubebea majeruhi wenye mshtuko, akaiita Sylvia. Aliisajili kwa hataza mwaka 1927, na mapato yake yalimsaidia kuendesha kazi zake bila kutegemea mshahara.

Polio na matibabu ya zamani

Polio husababishwa na virusi vinavyoingia mwilini kwa njia ya mdomo. Watu wengi walioambukizwa hawaoni dalili kubwa, lakini kwa wachache virusi hufika katika uti wa mgongo na kuua neva zinazoamrisha misuli. Msuli usiopata amri hulegea, na mgonjwa hupooza.

Kabla ya Kenny, madaktari waliogopa kwamba misuli mizima ingevuta kiungo upande mmoja na kukipinda. Kwa hiyo mtoto alifungwa magango au plasta ngumu, kama ile anayofungwa mtu aliyevunjika mfupa, kwa wiki nyingi na mara nyingine kwa miezi. Nia ilikuwa njema, lakini wengi walitoka humo viungo vikiwa vimekauka na misuli imekonda, wakalazimika kutembea na vyuma vya miguu na magongo.

Njia ya Kenny

Kenny aliondoa magango na plasta. Tiba yake ilikuwa na hatua mbili kubwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa maumivu na mkazo. Blanketi la sufu lilikatwa vipande, likachovywa katika maji yanayochemka, likakamuliwa hadi lisidondoshe maji, kisha likafungwa juu ya msuli. Viungo kama goti na kiwiko viliachwa wazi ili vikunjike. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi kwa siku. Wagonjwa wengi walikumbuka harufu ya sufu mbichi maisha yao yote.

Hatua ya pili ilikuwa kuufundisha msuli upya, na hapa ndipo mikono yake ilipokutana na akili ya mgonjwa. Kenny aliamini kwamba baadhi ya misuli haijafa, bali mgonjwa amepoteza njia ya kuifikia kwa mawazo, hasa kwa sababu ya maumivu. Alimwonyesha mtoto kwa kidole mahali msuli unapoanzia na unapoishia. Kisha alikisogeza kiungo mwenyewe, polepole, huku akimtaka mtoto akazie fikra mahali palepale bila kutumia nguvu. Msuli ulipoanza kuitika, mtoto aliachiwa kazi kidogo kidogo. Hakutaka mgonjwa atumie msuli mwingine kufidia ule dhaifu, kwani kwa njia hiyo angezoea mwendo mbaya.

Upinzani Australia

Mwaka 1932 alianzisha kliniki ya uani katika mji wa Townsville, akiwahudumia waliopooza kwa polio na watoto wenye mtindio wa ubongo. Alipoonyesha kazi yake mbele ya madaktari huko Brisbane, wengi walimdhihaki. Hata hivyo wazazi walimpenda, na serikali ya Queensland ikasaidia kufungua kliniki za kufuata njia yake. Mwaka 1937 alikwenda Uingereza, akafanya kazi katika hospitali ya watoto ya Queen Mary's, Carshalton.

Mwaka 1938 tume ya kifalme ya Queensland, iliyoundwa na madaktari, ilitoa ripoti iliyompinga vikali. Kosa kubwa aliloshtakiwa lilikuwa kuacha kuwafunga wagonjwa magango. Serikali haikumtupa, na mwaka 1939 alipewa wodi katika hospitali ya Brisbane ili awapokee wagonjwa wapya, ambao hadi hapo alikuwa akinyimwa. Daktari Aubrey Pye wa hospitali hiyo alikiri kwamba wagonjwa wake walipona haraka zaidi na viungo vyao vilikuwa laini.

Miaka ya Marekani

Mwaka 1940 alisafiri kwenda Marekani, nchi iliyokuwa ikipigwa na milipuko ya polio na ambayo rais wake, Franklin D. Roosevelt, alikuwa amepooza miguu. Wengi walimkataa, hadi alipofika Minneapolis, ambako madaktari Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl walimruhusu ajaribu. Matokeo yaliwaridhisha. Mwishoni mwa 1941 taasisi ya taifa ya kupambana na polio ikaunga mkono njia yake, na mnamo Desemba 1942 Taasisi ya Sister Kenny ikafunguliwa mjini humo. Wauguzi na watabibu wa viungo walikuja kutoka sehemu nyingi kujifunza kwake.

Hata hapo amani haikudumu. Kenny alikuwa na ulimi mkali na hakuvumilia kupingwa. Mwaka 1944 kamati ya madaktari wa mifupa ilichapisha ripoti iliyosema kwamba anatia chumvi mafanikio yake. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu wagonjwa wengi wa polio hupata nafuu kiasi hata bila tiba maalumu, na hapakuwa na ulinganisho mzuri kati ya waliotibiwa kwa njia mbalimbali. Isitoshe, yeye alishikilia kwamba polio hushambulia misuli yenyewe, wakati uchunguzi wa maabara ulionyesha wazi kwamba neva ndizo zinazouawa.

Wananchi hawakusita. Tawasifu yake, And They Shall Walk, ilitoka mwaka 1943, na mwaka 1946 ikatengenezwa filamu, Sister Kenny, ambamo Rosalind Russell aliigiza nafasi yake. Mwaka 1950 Bunge la Marekani lilimpa haki ya kuingia na kutoka nchini humo bila taratibu za kawaida za uhamiaji. Katika kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1951 alitajwa kuwa mwanamke anayependwa kuliko wote, akimpita Eleanor Roosevelt.

Kifo

Kenny hakuolewa, lakini alimlea binti wa kupanga aliyeitwa Mary. Akiwa mgonjwa wa Parkinson alirudi Australia mwaka 1951 na kukaa Toowoomba. Alifariki huko tarehe 30 Novemba 1952 kwa maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo, akazikwa Nobby. Hakuiona chanjo ya Jonas Salk, iliyoidhinishwa mwaka 1955 na kupunguza sana ugonjwa huo.

Urithi

Magango na plasta kwa wagonjwa wapya wa polio viliachwa karibu kila mahali, hata na madaktari ambao hawakukubali maelezo ya Kenny. Sayansi ya baadaye ilionyesha sababu nyingine ya baadhi ya misuli kurudi: neva zilizobaki hai huchipua matawi na kuihudumia misuli iliyopoteza neva zake. Kumfanya mgonjwa ajongee mapema na kumshirikisha kwa akili yake ni mambo ambayo leo hutumika pia kwa waliopata kiharusi na majeruhi wa uti wa mgongo.

Taasisi yake ya Minneapolis ingali inafanya kazi ya utengamao kwa jina la Courage Kenny, na kijijini Nobby kuna nyumba ya kumbukumbu yake.