Rumaliza, mfanyabiashara aliyezuiwa na Mwami Mwezi Gisabo

Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Rumaliza, alizaliwa Lindi katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa al-Barwani wenye asili ya Oman. Alifuata njia ya misafara hadi Ujiji, akashirikiana na Tippu Tip katika biashara ya pembe za ndovu na watumwa.

Kutoka Ujiji watu wake walifika Uzige, ufukwe ambako leo upo mji wa Bujumbura. Walipotaka kupanda milimani, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwarudisha nyuma.

Mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, akakimbilia upande wa Wajerumani. Baadaye alimshitaki Tippu Tip mahakamani kwa ajili ya mali. Washirika wakawa mahasimu.

Ukoo wake uliendelea kutajwa katika siasa. Ali Muhsin al-Barwani alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar mwaka 1963, kabla ya mapinduzi kumpeleka gerezani.

Burundi ilimkataa Rumaliza, lakini lugha ya misafara ilibaki, na hadi leo inasemwa Buyenzi.