Steere: Askofu aliyechapa Kiswahili herufi kwa herufi

Leo ukiwa Tunduma, kitabu chako unakipanga kwenye kompyuta, unakitia kwenye flashi, unakipeleka kwa mchapaji. Edward Steere alikuwa na herufi za risasi tu, za kupanga moja moja.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa kasisi. Alifika Zanzibar mwaka 1864. Misheni yake ilikuwa na mashine ndogo ya kuchapia, na Steere kazi hiyo alikuwa anaijua kidogo tangu kwao. Waliojifunza kupanga herufi pale walikuwa vijana waliokombolewa utumwani.

Haikuwa kazi ya mchezo. Herufi hupangwa kinyume. Ukikosea moja, neno linaharibika kwenye kila nakala. Steere alichapa kwanza nakala chache Unguja, akasahihisha. Vitabu vikubwa vikaja baadaye: mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Unguja vilitoka London.

Mwaka 1874 akawa askofu. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Alifariki Agosti 1882, akazikwa humo humo.

Mwaka 1928, wajumbe waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ni lahaja ileile ambayo vijana wale waliipanga kwa vidole, herufi kwa herufi.